Kupima Maandishi: Kwa Nini Mengine Husomeka na Mengine Hayasomeki

Juu ya bahasha ndogo za dawa zitolewazo hospitalini aghalabu huandikwa maneno matatu: "Kutwa mara tatu." Maneno hayo ni mafupi, ni Kiswahili safi, na hakuna hata moja ambalo mtoto wa darasa la tatu atashindwa kulisoma. Hata hivyo yana kasoro. Neno "kutwa" ni ndugu wa "kuchwa", yaani kuzama kwa jua, na kwa watu wengi maana yake ni mchana wote, tangu asubuhi hata jioni. Mgonjwa anayelifuata neno hilo barabara atameza dawa zake zote kabla ya magharibi, kisha atakaa saa 12 za usiku bila dawa. Ilhali daktari, kwa baadhi ya dawa za kuua bakteria, alikusudia kwamba saa 24 zigawanywe sawasawa mara tatu. Lau ingaliandikwa "saa 2 asubuhi, saa 10 jioni, saa 6 usiku", maneno yangaliongezeka lakini mashaka yangalikwisha.

Jambo hili limekwisha kupimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 395 waliofika katika zahanati za miji ya Shreveport, Jackson na Chicago. Wagonjwa hao walionyeshwa chupa za dawa zenye maagizo ya kawaida, na agizo mojawapo lilisema wameze vidonge viwili mara mbili kwa siku. Miongoni mwa wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, kiasi cha asilimia 71 waliweza kulisema agizo hilo kwa usahihi. Walipotakiwa wahesabu vidonge vya siku nzima, ni asilimia 35 hivi tu waliotoa vidonge vinne. Sentensi ile ilikuwa na tarakimu mbili, na kazi ya kuzizidisha ilikuwa imeachiwa mgonjwa bila kutajwa.

Kwa hiyo kuyatamka maandishi ni jambo moja, na kuyaelewa hata kuyatumia ni jambo jingine. Elimu inayochunguza tofauti hiyo huitwa elimu ya usomekaji. Imechangiwa na madaktari wa macho, wanasaikolojia, walimu na wahariri, na yafaa ianzwe na jicho.

Jicho halitelezi

Msomaji hudhani kwamba jicho lake huteleza juu ya mstari kama mtumbwi juu ya maji matulivu. Sivyo. Kufikia mwaka 1879, katika maabara ya Émile Javal, daktari wa macho wa Paris, ilikwisha gunduliwa kwamba jicho hurukaruka: hutua, huruka, hutua tena. (Javal mwenyewe alipofuka mwaka 1900 kwa ugonjwa wa glakoma, naye akaendelea kuandika.) Kila kituo huchukua kiasi cha robo ya sekunde. Mruko huchukua sehemu chache tu za mia za sekunde, na katika muda huo msomaji haoni kitu cha maana.

Sababu ya mwendo huo ni umbo la jicho lenyewe. Katikati ya retina pana kishimo kidogo kiitwacho fovea, ambacho ndicho chenye uwezo wa kutambua herufi ndogo bila taabu. Kishimo hicho huona nyuzi 2 hivi tu za uwanja wote wa macho, yaani karibu sawa na upana wa kidole gumba kilichonyoshwa mbele ya uso kwa urefu wa mkono. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 1975, George McConkie na Keith Rayner walitumia kompyuta iliyofuata jicho la msomaji na kuzivuruga herufi zote za mstari isipokuwa zilizo karibu na mahali jicho lilipotua. Ilionekana kwamba msomaji wa Kiingereza hupata msaada wa herufi zipatazo 15 upande wa kuume wa kituo, na 3 au 4 tu upande wa kushoto. Kwa wasomaji wa Kiebrania, ambacho huandikwa kutoka kuume kwenda kushoto, dirisha hilo lilikutwa limegeuka. Yaelekea kwamba wazee wa pwani waliosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu walikuwa na dirisha la namna hiyo hiyo.

Pamoja na vituo na miruko, jicho hurudi nyuma. Hata msomaji hodari hurudi mara moja katika kila miruko kumi hivi, na maandishi yakiwa magumu marejeo hayo huongezeka. Ugumu wa maandishi, basi, si maoni ya msomaji mvivu. Huonekana katika mwendo wa jicho, na huweza kuhesabiwa.

Fomula ya Flesch na sentensi ya Kiswahili

Kupima jicho kwahitaji mashine. Wahariri walitaka kipimo chepesi, kinachohitaji kalamu na karatasi tu. Kilichopata umaarufu kuliko vyote ni kile cha Rudolf Flesch, aliyezaliwa Vienna mwaka 1911, akakimbilia Marekani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Fomula yake ya mwaka 1948 hutazama mambo mawili tu: urefu wa sentensi na urefu wa maneno. Idadi ya maneno hugawanywa kwa idadi ya sentensi, na jibu huzidishwa kwa 1.015. Idadi ya silabi hugawanywa kwa idadi ya maneno, na jibu huzidishwa kwa 84.6. Majibu hayo mawili hutolewa katika 206.835. (Tarakimu tatu baada ya nukta: utadhani mtu anapima dhahabu.) Maandishi yanayopata karibu na 100 ni mepesi mno, yanayokaribia 0 ni magumu mno. Mwaka 1975 J. Peter Kincaid na wenzake waliirekebisha fomula hiyo kwa ajili ya vitabu vya mafunzo vya Jeshi la Maji la Marekani, ili itoe jibu kwa kiwango cha darasa la shule. Siku hizi zana nyingi za kuandikia kwa kompyuta huweza kuikokotoa kwa kufumba na kufumbua, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana zana haimwulizi mwandishi kama lugha anayoipima ndiyo ile iliyotengenezewa fomula.

Na ichukuliwe sentensi hii: "Watoto walikwenda shuleni asubuhi." Ina maneno 4 na silabi 14, yaani wastani wa silabi 3.5 kwa kila neno. Kwa fomula ya Flesch, 206.835 hupunguzwa 4.06, kisha 296.1, na jibu ni pungufu ya sifuri: hasi 93. Tafsiri yake ya kawaida ya Kiingereza ina maneno 8 na silabi 10. Mwanafunzi akiikokotoa atapata chanya 93. Jambo ni lile lile, watoto ni wale wale na shule ni ile ile, lakini kwa kipimo hicho sentensi ya Kiingereza inamfaa mtoto mdogo, na ya Kiswahili imevuka mpaka wa maandishi magumu kuliko yote.

Si Flesch peke yake. Mwaka 1968 Carl-Hugo Björnsson wa Swideni alitoa kipimo kiitwacho LIX ambacho hakihesabu silabi. Huchukua wastani wa maneno katika sentensi, na kuongeza asilimia ya maneno yenye herufi zaidi ya 6. Kwa kipimo hicho maandishi yanayozidi 60 ni magumu sana. Sentensi ya watoto wa shule inapata 4 na 75, jumla 79.

Kosa haliko katika hesabu. Liko katika dhana iliyofichwa ndani yake. Katika Kiingereza maneno marefu kwa kawaida ni yale yaliyotoka Kilatini na Kigiriki, nayo ni adimu katika mazungumzo ya kila siku. Kwa hiyo urefu ni dalili ya ugeni, na ni ugeni wa neno unaomsumbua msomaji. Katika Kiswahili neno refu mara nyingi ni kitenzi cha kawaida kilichobeba viambishi vyake. "Hawakutuambia" lina silabi 7, lakini ndani yake mna ukanushi, watenda, wakati uliopita, watendewa na mzizi, kila kimoja mahali pake pa siku zote, na mtoto asiyejua kusoma hulisema bila kufikiri. Kinyume chake, neno "kani" lina silabi 2 tu. Mwanafunzi wa fizikia anajua ni lipi kati ya hayo mawili lililomkosesha usingizi.

Haifai kusema kwamba urefu hauna maana kabisa katika Kiswahili. Neno la herufi 13 au 14 mara kwa mara hulazimisha jicho kutua mara mbili, na msomaji mpya, asomaye kwa silabi, huweza kusahau mwanzo wa neno kabla ya kufika mwisho. Lakini fomula iliyotengenezwa kwa lugha nyingine haina budi kutengenezwa upya, kama watu wa Kihispania na Kifaransa walivyofanya katika miaka ya 1950, au iachwe.

Ugumu wa Kiswahili unakaa wapi?

Sehemu moja ya jibu imo katika kumbukumbu ya muda mfupi. Mwaka 1956 George Miller alikisia kwamba mtu huweza kushika vitu 7 hivi kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alionyesha kwamba idadi yenyewe ni karibu na 4. Sentensi humtaka msomaji ashike kilichotangulia hadi kifike kinachokikamilisha. Mfano: "Mwalimu ambaye wanafunzi aliowafundisha mwaka jana katika shule iliyo karibu na mto walifaulu mtihani amehamishwa." Kati ya mwalimu na kuhamishwa kwake pana maneno 13, na njiani wamejitokeza watendaji wengine waliofaulu mtihani. Kila neno ni jepesi. Mzigo ni umbali.

Hapa Kiswahili kina msaada wake wa asili. Upatanisho wa kisarufi humpa msomaji alama: akiona "ki-" mbele ya kitenzi hukumbuka kwamba kinachozungumzwa ni kile kiti, wala si ule ukuta. Mwandishi mwerevu huutumia msaada huo. Lakini sentensi ikiwa na nomino nne za ngeli moja, alama hupotea, kama ilivyotokea kwa mwalimu na wanafunzi wake ambao wote ni wa ngeli ya watu.

Sehemu ya pili ya jibu, ambayo labda ni kubwa zaidi, ni desturi ya kugeuza vitenzi kuwa nomino. Tangazo lifuatalo ni la kubuni, lakini sura yake si ngeni: "Wananchi wanaarifiwa kuwa utekelezaji wa zoezi la ukarabati wa miundombinu ya usambazaji wa maji utafanyika siku ya Jumatatu, hivyo kutakuwa na ukosekanaji wa upatikanaji wa huduma hiyo kwa watumiaji kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni." Maneno 37, sentensi moja. Vitenzi vinavyotaja kazi halisi vimefungwa ndani ya nomino: kutekeleza, kukarabati, kusambaza, kukosekana, kupatikana. Vilivyobaki huru ni "kuarifiwa", "kufanyika" na "kuwa na", ambavyo havisemi mengi. Tena hakuna mtu anayefanya kazi katika tangazo zima. Kilichokusudiwa ni hiki: "Jumatatu mafundi watatengeneza mabomba. Maji yatakatika toka saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Tekeni maji Jumapili." Maneno 17, sentensi tatu, na ya tatu haikuwamo katika tangazo la kwanza ingawa ndiyo mwenye nyumba aliyoihitaji.

Baadhi ya watu huona kwamba mtindo wa kwanza una heshima zaidi. Hoja hiyo haina nguvu. Heshima ya Kiswahili imo katika namna ya kumtaja na kumsabahi mtu. Haijapata kuwamo katika "ukosekanaji wa upatikanaji".

Yasisahauliwe maneno ya kitaalamu. Hayo ni lazima, na mengine yameundwa kwa ustadi: "usanisinuru" kwa yule aijuaye "nuru" limejieleza nusu yake. Lakini istilahi huandikwa baada ya jambo, si kabla yake. Mwanafunzi aelezwe kwanza kwamba jani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, kisha aambiwe jina la kazi hiyo.

Kujaribu kwa watu

Tanzania ilipata somo kubwa la jambo hili mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2, wengi wao wakiwa wametoka karibuni tu katika madarasa ya kisomo, walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakasomewa vijitabu na kuvijadili. Vijitabu hivyo viliandikwa kwa wasomaji wapya, na kila somo lilikwisha kwa swali la nini kifanywe kijijini: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Vyoo vilichimbwa kwa wingi. Mtihani wa maandishi ulikuwa katika majembe.

Kuna maandishi ambayo makosa yake hayangoji mtihani. Mtoto anayeharisha huokolewa na maji yenye chumvi na sukari, na pasipokuwa na pakiti iliyotengenezwa kiwandani, maji hayo huandaliwa nyumbani kwa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtu akiandika kwa haraka "vijiko sita na nusu vya sukari na chumvi" hakuna kosa la sarufi, na mwandishi anajua alichokusudia. Mama aliyekesha na mtoto anaweza kuelewa vijiko sita na nusu vya kila kimoja, au vya mchanganyiko. Chumvi ikizidi, sodiamu hupanda katika damu, na dawa huweza kumwua mtoto yule yule iliyokusudiwa kumponya. Kwa sababu hiyo chumvi na sukari huandikwa katika mistari miwili, kila kimoja na kipimo chake na picha ya kijiko.

Vivyo hivyo kwa saa. Mfasiri anayekuta katika Kiingereza kwamba kliniki hufunguliwa saa ambayo tarakimu yake ni 8, naye akaandika "saa 8", amewachelewesha wagonjwa kwa muda wa saa 6. Kosa hilo limekuwa la kila siku tangu watu waanze kusoma saa katika simu.

Simu na kompyuta zimeongeza jambo moja ambalo karatasi haikulidhihirisha sana: watu hawasomi, bali hupitisha macho. Mwaka 1997 Jakob Nielsen na John Morkes waliripoti kwamba asilimia 79 ya watu waliowachunguza walipitia kurasa za intaneti kwa juujuu, na ni wachache tu waliosoma neno kwa neno. Waliandika habari moja kwa namna mbalimbali, ikiwa ni habari za utalii katika jimbo la Nebraska. Ilipopunguzwa maneno hadi nusu, kipimo cha manufaa yake kwa wasomaji kilipanda kwa asilimia 58. Ilipoondolewa majigambo tu, bila kupunguzwa sana, kilipanda kwa asilimia 27. Yote yalipofanywa pamoja, na mpangilio ukarahisishwa, kilipanda kwa asilimia 124. Mwaka 2006 Nielsen alionyesha, kwa kufuata macho ya watu 232, kwamba aghalabu jicho husoma mistari ya juu, kisha hushuka likigusa mwanzo tu wa mistari iliyobaki. Barua inayoanza kwa "Kwa mujibu wa" na "Napenda kuchukua nafasi hii" inatumia vibaya mahali pekee ambapo jicho lina hakika ya kufika.

Kwa shule, kipimo kilicho bora kuliko fomula hizi kilitolewa na Wilson Taylor mwaka 1953, nacho hakijali lugha. Mwalimu huchagua kifungu cha maneno 250 hivi, huiacha sentensi ya kwanza kamili, kisha hufuta kila neno la tano na kuacha pengo lenye urefu ule ule. Wanafunzi ambao hawajapata kukiona kifungu hicho hujaza mapengo. Huhesabiwa sahihi neno lile lile la mwandishi tu. Ukali huo huondoa ubishi. Katika madarasa ya Kiingereza imechukuliwa kwamba anayepata karibu asilimia 60 anaweza kukisoma kifungu peke yake, na anayepata chini ya 40 atahangaika hata akisaidiwa. Viwango hivyo visihamishwe kwa Kiswahili kabla ya kujaribiwa, maana kwetu kila neno la tano ni sehemu kubwa zaidi ya habari, na kwa upande mwingine viambishi vya maneno jirani humnong'oneza mjazaji jibu. Mwalimu anaweza kuanza kwa kulinganisha vifungu viwili vya jambo moja, kama matangazo mawili ya maji, yakirefushwa.

Mapengo yaliyokosewa na mwanafunzi mmoja mmoja hayana uzito. Yale yaliyokosewa na nusu ya darasa ndiyo ya kutazamwa, na mara nyingi yatakutwa yamesongamana katika sentensi mbili au tatu. Hizo huandikwa upya, na kifungu hupelekwa kwa darasa jingine, kwa kuwa la kwanza limekwisha kuyajua maneno.